Umeme wenyewe huu

Juzi mwanangu wa pili kaniuliza: "Baba, mbona kompyuta yako ukiiwasha inakuuliza kwanza iwe nini?" Ni ile orodha nyeusi ya GRUB, programu inayokuuliza uwashe mfumo upi: Linux Mint juu, Windows chini, sekunde 10 za kuchagua. Nilimjibu juu juu, lakini akili ikarudi Mei 2024, hapahapa Chikongola, Mtwara, siku nilipoiweka Linux kando ya Windows.

Kompyuta yenyewe, HP ya mpakato, ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Windows 10 ilikuwa inaielemea: ukiwasha asubuhi diski inafanya kazi kwa asilimia 100 mpaka chai inapoa, na masasisho yanamaliza bando hujafungua hata barua pepe. Windows 11 ilishaikataa, prosesa ya zamani na chipu ya usalama ya TPM 2.0 haina. Mint 21.3 ya Xfce, ile nyepesi, nilikuwa nimeishusha kwa bando la usiku, karibu GB 3, nikaihakiki kwa certutil -hashfile, amri ya Windows ya kupima kama faili limefika zima, maana faili lililoharibika njiani huanza vizuri, likaja kugoma katikati ya kazi. Programu ya Rufus ikaliandika kwenye flashi ya GB 8. Tarehe 12 kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti nchini ikawa ya kuombea dua. Nikaendelea hivyohivyo.

Upande wa Windows kazi ilikuwa fupi. Nakala za mafaili kwenye diski ya nje, kisha powercfg /h off kwa mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo inazima Fast Startup, ule uwashaji wa haraka usioizima Windows kikamilifu, na kuondoa hiberfil.sys, moja ya mafaili yasiyohamishika yanayozuia partisheni ya C, yaani kipande cha diski kinachokaliwa na Windows, kupunguzwa. Baada ya hapo Disk Management, kigawa diski cha Windows, ikakubali kuachia GB 120. Kuwasha upya: F10, zima Secure Boot, kinga inayoweza kukataa mfumo mgeni. F9, chagua flashi.

Ukurasa wa kugawa diski ndio nilioukalia. Niliingia kwa "Something else", njia ya kugawa mwenyewe kwa mkono, mkononi nina karatasi ya vipimo nilivyonakili kutoka Windows, nalinganisha mstari kwa mstari. sda2, yaani partisheni ya 2, ni EFI, ya kuwashia mifumo, MB 260. sda4 ndiyo Windows. Chini yake nafasi huru. Nikatenga GB 40 za mfumo, kwa ext4, muundo wa Linux. Zilizobaki nikazipa /home, makao ya mafaili yangu. EFI inatumika kama ilivyo, kisanduku cha kuiformati hakiguswi, kwa sababu humo ndimo kinamokaa kianzishi cha Windows. Nikabonyeza "Install Now", kikaja kidirisha cha mwisho kinachotaja partisheni zitakazoandikwa upya: ya 5 na ya 6. Hadi hapo diski haijaguswa. Ukiiona namba 4 mle, rudi nyuma, hakuna kilichopotea. Umeme ukikatika, unaanza upya tu. Ukikatika sekunde chache baadaye, jedwali la partisheni likiwa linaandikwa, hilo ni jambo jingine, na betri yangu ilishakufa zamani.

Taa ikafifia. Feni ikapunguza mwendo, ikarudi.

Mama mdogo alikuwa barazani anabangua korosho. "Mwanangu, umeme wenyewe huu ndio wa kuuamini?"

"Sijui, mama."

Nikasoma tena. Tano, sita. Nikaisubiri feni ikae sawa, nikabonyeza "Continue".

Mengine yalikwenda haraka, isipokuwa Wi-Fi, ambayo haikuonekana kabisa. Amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani, ikasema kadi ni Broadcom BCM43142; draiva yake si huria, kwa hiyo haiji imewashwa. Bahati ni kwamba ipo ndani ya flashi ileile: unaichomeka, unafungua Driver Manager, unachagua bcmwl-kernel-source, ndiyo draiva yenyewe. Intaneti haihitajiki, na mwezi ule ilikuwa heri.

Kilichonishangaza zaidi ni saa. Nilipoingia Windows, ilionyesha saa tatu na ushei asubuhi huku msikitini wanaadhini adhuhuri. Linux huiwekea mashine saa ya UTC, ile ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, ndiyo maana tofauti ni saa 3 kamili. Dawa, kwenye Linux: sudo timedatectl set-local-rtc 1, nayo ifuate saa ya hapa.

Windows yenyewe bado ipo. Kuna kitabu kimoja cha Excel cha mahesabu ya chama cha msingi, kina makro, amri za kujiendesha, ambazo LibreOffice ya Linux inaziendesha nusunusu. Tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 haina tena masasisho ya kawaida, hivyo naifungua bila mtandao. Kila nikipanga kuifuta, msimu wa korosho unafunguliwa.