Siku moja maishani mwangu: kuhesabu wateja wa seva ya madirisha

Saa 2:30 asubuhi. Lalamiko ni lile lile la juzi: kompyuta ikikaa nusu siku, dirisha jipya halifunguki. Seva ya madirisha, yaani programu inayosimamia skrini (hapa ni Xorg), inajibu kwamba idadi ya wateja imejaa. Mteja ni programu yoyote inayofungua soketi, yaani njia ya mawasiliano, kwa seva ili ichore skrini, na Xorg kwa kawaida hupokea 256 tu, nafasi moja ikiwa ya seva yenyewe. Nawasha upya, nahesabu soketi: 14.

Saa 3:30. Soketi 74. Amri ya xlsclients bado inaonyesha wateja 9, maana huwaona wenye dirisha tu. Kwa hiyo kuna anayebisha hodi kila dakika, anaingia, hachori chochote na hatoki.

Saa 4. Mwenzangu anapendekeza tupandishe kikomo hadi 512. Nimekataa. Namba ya kila rasilimali ya mteja (dirisha, picha na kadhalika) ina biti 29. Wateja wakiwa 256, biti 8 humtambulisha mteja na 21 humbakia, yaani namba 2,097,152 kwa kila mmoja. Ukiongeza wateja maradufu, kila mmoja anabaki na nusu, na uvujaji huu wa soketi haujaguswa.

Saa 5:10. Nimempata! Kiashiria cha betri kwenye paneli huita XOpenDisplay (hufungua soketi kwa seva) kila dakika na hakiiti XCloseDisplay (ya kuifunga) kamwe. Mchakato wake uko hai, basi seva haina sababu ya kumfagia.

Saa 6:32 mchana. Mashine niliyoiacha bila kuigusa imekataa dirisha jipya, dakika ile ile niliyoitarajia.

Saa 7:30. Msimbo umerekebishwa, seva imewashwa upya.

Saa 8. Kwenye seva ya pili ya majaribio naua wateja makusudi. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Mteja akifa, kiini cha mfumo hufunga soketi yake. Seva ikiona hivyo huachilia kibodi na kipanya kama alivishika, kisha hubomoa madirisha na piksimapu zake (picha zilizohifadhiwa ndani ya seva). Nikamuua msimamizi wa madirisha, mteja anayeyawekea madirisha ya wengine fremu. Fremu zake zilitoweka, lakini madirisha ya programu nyingine yaliyokuwa ndani ya fremu hizo yalisalimika: alikuwa ameyaandikisha kwenye orodha ya kuokolewa, na seva ikayarudisha kwenye dirisha mzizi (lile la nyuma kabisa, linalojaza skrini) kabla ya kubomoa. Waliobuni itifaki ya X, yaani kanuni za mazungumzo ya seva na wateja, toleo la 11 la mwaka 1987, walimfikiria hata mlezi anayekufa ghafla.

Saa 10. Mteja mmoja ameuawa na dirisha lake bado lipo. Alikuwa amezaa mchakato kwa fork (wito wa kujinakili), na mtoto amerithi soketi iliyo wazi. Kwa seva, mwenye dirisha yu hai. Nimeongeza mstari mmoja: mtoto aifunge soketi mara tu anapozaliwa.

Saa 11:40 jioni. Dakika 250 tangu marekebisho. Soketi 14. Nafungua dirisha jipya, linafunguka.