Siku barua ya mjomba ilipopimiwa viatu

Juzi usiku jamaa yangu wa Ligula, Mtwara, kanirushia skrinshoti, ombi la kuhamia ambalo dada yake alimfungulia Marekani limekubaliwa, anauliza aanze kutafuta mteja wa pikipiki au asubiri. Nikamwambia kaka, pikipiki usiiguse. Afu usingizi ukakata, nikaikumbuka ile 2012.

Mjomba alimfungulia mama ombi kama hilo 2009 baada ya kupata uraia wa Marekani, likakaa mezani kwa watu kama miaka mitatu hivi mpaka tukaacha kuliulizia. Barua ilivyotoka akaituma kwa imeli, baba akaenda kuiprinti steshenari, anarudi Chikongola mtaa mzima unajua. Mi namhisi yule dada wa steshenari.

Bibi alikamata jogoo kabla hajaambiwa barua inasema nini. Pilau ikapikwa, ming'oko ikachemshwa, watu wakajaa barazani na kila mtu ana oda yake. Kuna mzee mvuvi wa Shangani, rafiki wa baba, akasema yeye hana makuu, anataka viatu vya ngozi tu ila asiletewe vya kumbana. Namba ya mguu haijui. Basi akavua kandambili akakanyaga barua yenyewe, upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akaniambia mjukuu wangu zungushia hapo. Nikapiga magoti na biki ya bluu, nikaanzia kisigino, mguu umejaa mchanga, mchanga unaingia kwenye ncha ya biki wino unakatakata, nikifika kwenye dole gumba anatekenyeka anacheka anausogeza, narudia, mwishowe mzee akawa na madole gumba mawili kwenye mguu mmoja. Nikaandika jina lake katikati ya unyayo. Wengine kuona hivo wakavua na wao, watoto wakaletwa, nikachora mpaka nyayo zikaanza kupandiana.

Mwalimu jirani yetu akaja amechelewa, sahani yake ilikuwa imefunikwa, akasema nipeni kwanza hiyo barua. Akaziangalia nyayo, akageuza. Akasoma, akarudia, akamuuliza mama, dada mliisoma mpaka chini? Chini imeandikwa ombi limekubaliwa, ila kukubaliwa peke yake hakumpi mtu haki yoyote ya kuhamia, faili linaenda kituo cha viza Portsmouth, New Hampshire, likasubiri zamu. Bibi hakuelewa kitu. Mwalimu akamwambia bibi, hii stakabadhi ghalani, korosho zako zimepokelewa, zimepimwa, karatasi unayo, hela ndo bado. Hapo akaelewa na akakasirika hapohapo, maana kuna hela ya msimu alikuwa bado anaidai. Jogoo keshaliwa lakini.

Hesabu yenyewe nilikuja kuijua ukubwani. Mke, mume au mzazi wa raia hawekewi kikomo cha idadi, kaka na dada wa raia ndo wana fungu lao, viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima na humo wamo wenza na watoto wao, kwa hiyo kila mwezi wanatangaza tarehe ya waliofikiwa, unalinganisha na siku ombi lako lilipopokelewa. Kuna wakati tarehe inarudi nyuma kabisa. Mwaka 2023 walikuwa wanawaita wa 2007, na Wamexico walikuwa bado wako 2000, kwa hiyo sisi labda tunatakiwa kushukuru, sijui.

Mi nilishatoka kwenye safari hii, mtoto anayemfuata mzazi anatakiwa awe chini ya miaka 21 na asiwe ameoa wala kuolewa. Ila kuna sheria yao ya 2002 inayopunguza kwenye umri wa mtoto ule muda ombi lilipokaa mezani. Yani ile miaka mitatu tuliyokuwa tunailaani ndo inayombeba mdogo wangu mpaka leo, ukimpunguzia anaonekana bado kijana mdogo, tarehe ikiwahi anaweza kupita.

Sasa mwezi uliopita kaja nyumbani kutuambia kapata mchumba Mikindani, anataka kuoa msimu wa korosho ukiisha. Nikamwelezea yote hayo, kanisikiliza vizuri tu, kaniuliza dada, kwani wamesema lini? Mama hakutia neno. Baba akauliza mahari ni shilingi ngapi.