Kitako cha bakuli kilivyonihangaisha

Bakuli langu la mwembe lilipendeza kote isipokuwa kitakoni. Pale nilipolifunga kwa skrubu kwenye mashine ya kukereza (inayozungusha mti huku ukiuchonga) palibaki matundu manne, na mezani liliyumba. Nikapasugua kwa msasa mkononi. Upande mmoja ukaliwa zaidi, likazidi kuyumba.

Dawa ilikuwa kuligeuza. Nilichukua kipande cha msonobari, nikakikereza kiwe duara linaloingia ndani ya bakuli, nikakivika mpira wa tyubu ya baiskeli kisije kikalikwaruza bakuli. Nikalifunika bakuli juu yake, kisha nikalibana katikati ya kitako kwa ncha ya upande wa pili wa mashine. Mwendo wa polepole, maana hapo linashikwa kwa kubanwa tu. Miwani nilivaa, likichomoka linakuja usoni.

Nikakwangua mpaka matundu yakaisha (bahati nilikuwa nimeacha chini pakiwa nene, la sivyo ningetoboa) na katikati nikapachimba kama milimita 2, likalie ukingo peke yake. Kikabaki kishina chembamba chini ya ile ncha. Hicho nilizima mashine kwanza, nikakikata kwa patasi, nikapitisha msasa namba 120, halafu 240, kisha nta.