Mwasho wa Usiku

Kiangazi cha Tabora kinapoingia mwezi Juni, baridi ya alfajiri na upepo mkavu hutupasua midomo sote, lakini mwanangu wa miaka minne hupasuka ngozi kwenye vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti, akajikuna usiku kucha hadi shuka likapata madoa ya damu. Ana pumu ya ngozi, yaani ukurutu (eczema), ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha na usioambukiza. Bibi yake alishikilia kuwa ni upele, akampaka dawa ya upele iliyomchoma mtoto akalia mpaka majirani wakaamka, ingawa hapakuwa na mwingine aliyewashwa humu ndani, na upele hauna kawaida ya kuchagua mmoja kati ya watu wanaolala kitanda kimoja.

Kosa langu mimi lilikuwa dawa ya maji. Kwa miezi kadhaa nilimnywesha dawa ya mzio yenye kuleta usingizi, nikiamini kwamba natibu mwasho, kumbe mwasho wa ugonjwa huu kwa sehemu kubwa hautokani na histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, ambayo dawa ile huizuia. Mtoto alisinzia, mkono ukaendelea kukuna.

Nafuu ilianzia kwenye beseni. Sasa anaoga maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, bila sabuni ya mche, kisha ninamkausha kwa kumgusagusa na taulo na kumpaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu ngozi yake haishiki maji yenyewe, na inapokauka ndipo huwasha.

Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), niliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe, maana nimeona nyuso zilizoharibiwa na mikorogo yenye steroidi kali. Daktari alinieleza kwamba hii ni hafifu, hupakwa penye mabaka yanayowasha tu, na kwamba mstari wa krimu wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Nilichelewa pia kwa kusubiri wekundu, ambao kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi hauonekani: hugeuka kijivu au weusi uliokolea. Siku hizi ninapapasa kwa vidole kutafuta penye ukavu na mikwaruzo.

Kumwambia “usijikune” nimeacha. Ninamkata kucha, na akiamka ninamkandamizia kitambaa chenye maji ya baridi. Wiki iliyopita, nilipoona utando wa manjano unaotoa majimaji, nilimrudisha hospitali asubuhi ileile; bakteria walikuwa wameshaingia.