Nilivyofikisha intaneti chumba cha uani

Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, kila simu ilikuwa inajinunulia bando lake. Mimi nina kompyuta ya mezani ya kazi za kuchapa, mpwa wangu anasomea chumba cha uani, na mama haachi video za kwaya. Nikapiga hesabu ya vocha za mwezi, nikaona heri tununue ruta ya laini ya simu, kile kifaa cha kugawa intaneti, tuweke kifurushi kimoja, tugawane.

Niliiweka sebuleni dirishani, upande wa mnara. Ndani ikashika vizuri. Uani hamna kitu: kuta mbili za matofali ya kuchoma, halafu mlango wa bati. "Mjomba, huku inakuja inakata!" ikawa ndiyo salamu ya kila asubuhi.

Nilikuwa na ruta nyingine ya zamani kabatini, nikaamua kuiweka uani na kuiunganisha na ya sebuleni kwa waya. Nikaenda sokoni Mwanjelwa, nikarudi na mita 40 za waya wa mtandao, vichwa kumi vya kuchomekea na koleo la kuvibania. Urefu haukunitisha, maana waya huo unabeba hadi mita 100. Kilichoniumbua ni rangi.

Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Nikazipanga kwa akili yangu, kila rangi na pacha wake, ncha zote mbili sawasawa. Taa ikawaka, nikashangilia. Lakini video ikawa inacheza sekunde mbili, inaganda. Siku mbili nzima nailaumu laini, kumbe mkosaji ni mimi. Kwenye ruta kama zangu, mawasiliano yanapita uzi wa 1 na 2, na wa 3 na 6. Kwa hiyo wa 3 na wa 6 sharti wawe pacha, kwa sababu ule msokoto ndio unaozuia nyuzi kuingiliana. Mimi wa 3 nilikuwa nimeweka kijani-nyeupe, wa 6 buluu. Nikakata vichwa, nikaanza upya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Vidole viliniuma, ila video ikatembea.

Kesho yake simu zikaanza kugoma moja baada ya nyingine. Ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja ya mtandao, 192.168.1.1, na zote zinazigawia simu anwani, kama nyumba yenye wenyeji wawili. Ile ya uani nikaipa 192.168.1.2, nikaizimia DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, waya nikauchomeka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti ya nje). Ugomvi ukaisha.

Kifurushi cha kwanza hakikufika hata nusu ya mwezi. Windows ilikuwa inajipakulia masasisho kimyakimya kwenye kompyuta zote mbili, yangu na ya mpwa wangu, mpaka nilipoiambia kwenye mipangilio kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo.

Mvua za Novemba zikianza kunguruma nachomoa waya ncha zote mbili, kwa kuwa unapita nje na radi za huku hazina utani.

Aliyebaki ni mama. Kila usiku alikuwa anaizima ruta ukutani, eti inamaliza umeme wa LUKU. Nikamwonyesha adapta yake, wati 12: hata ikiwaka saa 24 haifikishi theluthi ya uniti. Akaitazama, akanitazama. "Haya. Lakini taa ya choo unaiachaga inawaka na wewe."