Mlingoti wako ni futi ngapi? Una uhakika?

Kabla hujapita chini ya daraja lazima ujue hiyo namba. Muulize mwenye boti ya matanga mlingoti wake unafika juu kiasi gani kutoka majini, atakutajia namba fasta bila kufikiria, afu muulize kaipata wapi, utasikia "iko kwenye kitabu cha boti". Ndo hapo sasa. Kile kitabu mara nyingi kinahesabu mpaka kichwa cha mlingoti tu, na juu ya hapo kuna antena ya redio ya VHF ambayo peke yake inaweza kukaribia mita nzima, kuna taa ya nanga, kuna kale kadude ka kupima upepo, na hivyo ndo vitakavyokutana na daraja kwanza. Halafu boti ilipimwa ikiwa na mzigo gani? Matangi yakiwa matupu inaelea juu zaidi, ukijaza maji na mafuta inazama kidogo. Na kama umenunua mkononi, aliyekuwa nayo kabla yako huenda alishabadilisha mlingoti, nani ajuaye.

Pima mwenyewe bana. Subiri siku haina upepo, maji yametulia, chukua futikamba ndefu ile ya mita 30, funga ncha yake kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kuu pamoja na kikamba chembamba cha kuirudishia chini (hicho usikisahau kabisa, la sivyo ikikwama huko juu utapanda mwenyewe kuifuata), vuta mpaka mwisho, afu soma pale inapogusa maji. Ikiwa imekaa mshazari kidogo itakuzidishia urefu, na hilo ni kosa zuri, liache. Ila henza haifiki juu kabisa, kuna roda (kapi inapopita hiyo kamba) na kipande cha mlingoti hapo, ongeza, halafu ongeza antena na vikorokoro vyote. Hiyo namba iandike kwa maka karibu na usukani, kwa mita na kwa futi, maana kuna chati (ramani za baharini) za futi na kuna za mita na ukiwa na presha si wakati wa kugawanya kwa 3.28.

Sasa daraja. Namba iliyoko kwenye chati siyo nafasi utakayoikuta ukifika. Marekani wanahesabu kuanzia wastani wa maji kujaa, so siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji yakijaa yanapita huo wastani na nafasi yako inapungua chini ya ilivyoandikwa. Uingereza siku hizi wanahesabu kutoka kimo cha juu kabisa ambacho maji yanatabiriwa kufika, kwa hiyo huko karibu kila mara unapata zaidi ya chati. Namba ni ileile ila maana mbili tofauti, soma maelezo ya chati kwanza! Na bamvua hiyohiyo ukiisubiri ipwe inakupa nafasi kubwa kuliko maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo tu), ila mkondo wake unakuwa mkali.

Kuna sehemu hata jedwali la kujaa na kupwa halikusaidii. Ile njia ya ndani ya pwani ya mashariki ya Marekani, Intracoastal Waterway, madaraja marefu yasiyofunguka kwa kawaida ni futi 65, lakini kule North Carolina kuna la Wilkerson ambalo chati inasema 64, na eneo lile maji yanapandishwa na kushushwa na upepo. Ukivuma siku kadhaa upande mmoja, hesabu zako zote zinaharibika. Hapo tegemea ule ubao wa namba kwenye nguzo za daraja unaoonyesha nafasi iliyopo wakati huo, chukua darubini uusome ukiwa bado mbali.

Macho usiyaamini. Ukiwa nyuma kwenye usukani ukitazama juu, kila daraja linaonekana litakugonga, hata lenye nafasi ya mita tatu. Mi nasema nenda mkondo ukiwa usoni, polepole, uweze kusimama na kurudi nyuma, maana mkondo ukiwa unakusukuma kutoka tezi (nyuma ya boti) hata ukitia rivasi unaweza usitoke. Na subiri boti za injini zipite kwanza, mawimbi yao yanakurusha juu palepale chini ya chuma.

Nyaya za umeme ni habari nyingine kabisa. Daraja likigusa antena umepoteza antena, waya wa msongo mkubwa hauhitaji hata kuguswa, umeme unaruka. Hapo sentimita chache hazihesabiki kama nafasi, acha umbali wa kutosha au usipite.

Kuna watu mlingoti ukizidi kidogo wanailaza boti ubavu kwa kuning'iniza mifuko ya maji pembeni. Hesabu inakubali: mita 20 ikilala digrii 15 inabaki kama 19.3, umepata sentimita 68 hivi. Ila wimbi moja likiinyanyua wakati iko katikati, mmh. Na haisaidii kila mahali, Miami kuna daraja la Julia Tuttle lenye futi 56 tu, mwenye mlingoti wa 63 hata ailaze vipi anajisumbua, anatoka zake nje baharini kabla hajafika na kurudi ndani mbele ya safari. Mi hata ingekuwa nimezidi futi moja tu ningepita huko nje.