Soma kura kwanza, maneno baadaye

Katika michezo ya kutafuta waongo waliojificha kundini, kama Mafia na Among Us, wengi huwinda mwongo kwa kuangalia nani yuko kimya. Sikubaliani nao. Katika Mafia ya maandishi, ambapo kundi hujadili kwa ujumbe na kumtoa mtu kwa kura kila siku, huku waongo wakiua mmoja usiku, ukimya mara nyingi ni wa mtu aliyechoka au mwenye mtandao mbovu, na waongo hupenda sana mjadala ukwame hapo.

Ushahidi mzuri huja mwongo wa kwanza anapofichuka. Rudi kwenye kura za siku zilizopita: nani alihamisha kura dakika za mwisho ili kumwokoa? Nani alimpigia kura pale tu ilipokuwa wazi kwamba anatoka? Huyo wa pili ni hatari zaidi, maana kumtosa mwenzako aliyekwisha kupotea kunakununulia imani kwa bei rahisi. Mpiga kura wa mapema, matokeo yakiwa bado hayajulikani, ndiye wa kuaminika kidogo. Kidogo tu.

Katika Among Us, mchezo wa video ambapo wachezaji huzunguka vyumbani, uliza swali moja lenye jibu linalopimika: "Ulikuwa chumba gani, na ulimwona nani?" Muulize unayemshuku kabla wengine hawajasema, la sivyo atashona hadithi yake kwa vipande vyao.

Na hesabuni. Mkiwa 7 kabla ya kura ya kwanza, waongo 2, na mmoja akifa kila usiku, kura 2 za makosa zinamaliza mchezo: mnabaki 2 kwa 2, na waongo wakilingana nanyi wameshinda. Kosa la kwanza mnalimudu. Baada ya hapo, anayeharakisha kura aeleze kwa nini.